Cha Juu cha Elimu ya Juu

Mimi ni dalali wa ng'ombe. Shule niliiacha darasa la tano, mwaka ambao baba alivunjika mguu na mbuzi wakakosa mtu wa kuwatoa. Baada ya hapo nimesomea mnadani, Handeni, na nimehitimu. Nikimtazama ng'ombe akitembea hatua kumi nakutajia uzito wake. Nikimtazama mwenye ng'ombe akitembea hatua tatu nakutajia shida yake.

Kazi yetu ina neno ambalo halitamkwi mbele ya mwenye mali, nalo ni cha juu. Mzee wa Kimasai analeta dume, anataka laki nane. Mnunuzi kutoka Dar yuko tayari kutoa laki tisa na nusu. Mimi nasimama katikati. Mzee namwambia, "Nane imepatikana, tena kwa shida." Mnunuzi namwambia, "Mzee kakaza kwenye tisa na nusu." Kinachobaki ndicho cha juu, na kinaingia mfukoni mwangu. Ujuzi wote wa udalali ni kuhakikisha hao wawili hawazungumzi. Ng'ombe akishauzwa anapigwa rangi mgongoni, kila mnunuzi na rangi yake, ili asije akauzwa mara ya pili kabla hajapakiwa.

Nimeanza na hayo ili ujue kwa nini siku ile Korogwe niliona kitu ambacho wazazi sitini wenzangu hawakukiona, na kati yao walikuwamo walimu na mchungaji mmoja.

Mwanangu Hafsa alimaliza kidato cha sita kwenye shule ya binafsi iliyo nje kidogo ya mji wa Korogwe, kwenye barabara ya kwendea Makuyuni. Jina la shule siliandiki, maana lilikuwa zuri kuliko shule yenyewe. Alisoma fizikia, kemia na baiolojia, akapata daraja la kwanza. Anataka kuwa daktari wa mifugo. Hakuanza kuyataka hayo jana. Alikuwa na miaka kumi na mmoja alipomwona mtamba akifia mnadani na ndama kakwama tumboni, watu tumemzunguka tunabishana nani alipe hasara. Hafsa hakulia. Aliniuliza kama kuna mtu ambaye angejua la kufanya. Nikamwambia yupo, anaitwa daktari wa mifugo, ila leo hayupo. Basi akaamua kuwa atakuwa yeye.

Chuo cha kazi hiyo kiko Morogoro, cha serikali. Matokeo yalipotoka Julai, shule ilituambia tusihangaike. Kulikuwa na mshauri wa vyuo, kijana anaitwa Benedicto, ana kampuni yake, na angewaombea vyuo watoto wote pale pale shuleni. Hafsa alimwandikia kwa mkono wake: chaguo la kwanza, Morogoro, udaktari wa mifugo. Benedicto akajaza kila kitu kwenye kompyuta yake, akaweka na namba za simu alizozisajili yeye. Alisema anafanya hivyo ili ujumbe usipotee, kwa sababu watoto wa vijijini hubadilisha laini kama soksi. Nasi tulicheka na kushukuru. Tukapiga na makofi.

Mwanzoni mwa Septemba tukaitwa kwenye siku ya ushauri.

Nilifika na Hafsa saa nne asubuhi kwa basi la Handeni. Getini nikakutana na Mama Loveness, ambaye binti yake alilala kitanda kimoja cha deka na Hafsa, mmoja juu mmoja chini, kwa miaka miwili. Ni mama wa Kisambaa wa Bungu, analima maharage na ndizi, na kila siku ya wazazi alikuwa hanisahau. Siku hiyo alinibebea kichane cha ndizi sukari, zimeiva hadi zinanukia nje ya mfuko.

"Chukua, Baba Hafsa," akasema. "Nyie Wazigua mmezoea makavu, mkionja kitu chenye maji mnadhani mmefika peponi."

"Na nyie wa mlimani mkishuka huku mnadhani mmefika motoni."

"Kwa joto hili si kudhani. Hivi leo wanasema siku ya nini? Loveness ananiambia kukonfemu. Mimi nikamwambia, mbona wewe kipaimara ulishapata tangu darasa la sita, unakonfemiwa nini tena?"

Loveness akafunika uso kwa kiganja. "Mama, ni kuthibitisha chuo."

"Ndiyo hicho hicho. Mchungaji alithibitisha."

Tukaingia ukumbini tukicheka. Hicho ndicho kicheko cha mwisho nilichocheka naye.

Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa. Kila mzazi alipewa soda na pakiti ya biskuti, na kila mtoto alipewa bahasha yenye jina lake. Mkuu wa shule, Mwalimu Erasto, alikaa meza ya mbele amefumbata mikono juu ya tumbo kama mtu aliyeshiba kabla ya chakula. Benedicto alisimama. Suti ya bluu, suruali imebana miguu, viatu vimechongoka kama mdomo wa korongo. Alikuwa na kipaza sauti na hakukihitaji.

"Wazazi wangu, shikamooni. Leo hakuna mtoto anayeondoka hapa bila chuo. Hakuna. Wenzenu wa shule za serikali sasa hivi wanahangaika kwenye vibanda vya intaneti, hawajui waanzie wapi. Nyie mmewekeza, na sisi tunawavunisha. Kazi yenu leo ni kunywa soda."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natazama bahasha.

Kila bahasha ilikuwa na kibandiko cha duara pembeni, chini ya jina. Zingine kijani, zingine njano, chache nyekundu. Ya Hafsa ilikuwa kijani. Nilitazama safu nzima ya watoto waliokaa mbele yangu, bahasha zimelala mapajani, kijani, kijani, njano, kijani, nyekundu, nikasikia harufu ya zizi. Nakuambia kweli, niliisikia puani.

"Hii rangi ni ya nini?" nikamuuliza Hafsa.

"Chuo, baba. Kijani ni kile kipya cha binafsi cha Dar."

"Wewe umeomba huko?"

"Sikuomba. Mshauri ndiye aliyeongeza." Akafungua bahasha, akanionyesha karatasi. Hongera, umechaguliwa kusoma afya ya jamii. Akashusha sauti. "Baba, kuna kitu. Orodha ilitoka ya watu waliochaguliwa chuo zaidi ya kimoja. Wanaandika namba ya mtihani wa kidato cha nne tu, hawaandiki jina. Namba yangu nimeiona. Maana yake nimepata na pengine."

"Morogoro?"

"Nadhani Morogoro. Mtu wa namna hiyo anatumiwa namba ya siri kwenye simu. Anaiingiza kwenye chuo anachotaka, ndipo kinakuwa chake. Nimemuuliza Mshauri mara mbili, anasema orodha ina makosa."

"Hiyo namba inatumwa kwenye simu gani?"

"Aliyoijaza yeye."

"Mwisho lini?"

"Leo. Usiku saa sita wanafunga."

Mbele yetu Loveness alikuwa anakwaruza kibandiko cha bahasha yake kwa kucha, bila kuwaza, kama mtoto anavyobandua kidonda. Kibandiko cha kijani kikatoka. Chini yake kulikuwa na cha njano.

Mnadani mtu akimpiga rangi ng'ombe aliyekwisha kupigwa rangi ya mwenzake, anapigwa yeye. Nimeona mtu akivunjwa taya kwa kosa hilo. Na hapa mtoto wa Mama Loveness kauzwa kwa njano, akaja mwenye kijani akaongeza, akapakwa upya, na mama yake kakaa pembeni anakunywa soda ya machungwa kwa mrija.

Nikajua pia kwa nini walitusubirisha mpaka siku ya mwisho. Hata mimi hufanya hivyo. Dume zuri hulitoi asubuhi. Unalishikilia mpaka malori yanakaribia kuondoka, wanunuzi wanaanza kuogopa kurudi na nafasi tupu, hapo bei inapanda yenyewe.

Benedicto alimkabidhi Mwalimu Erasto kipaza sauti akatoka kwa mlango wa pembeni. Nikamfuata na mfuko wangu wa ndizi. Hafsa akanifuata mimi.

Aliingia chumba cha mtaala, kile wanachokitumia kama ofisi. Alipoinua macho aliniona niko tayari ndani.

"Mzee wangu, shikamoo. Karibu, umepotea njia? Choo kiko nyuma ya—"

"Marahaba. Nimekuja kuchukua namba ya mwanangu."

"Namba gani tena, mzee? Hafsa ana chuo tayari. Afya ya jamii, kozi yenye soko hiyo."

"Wenye soko ni ng'ombe."

Akacheka. Meno yake yalikuwa meupe sana. Mezani kulikuwa na katoni ya mafuta ya kupikia, imefunguliwa juu. Nikachungulia. Ndani zilijaa simu, vile vitochi vidogo vya bei rahisi, vimepangwa wima kama vifaranga kwenye tenga. Kila kimoja kimezungushiwa plasta nyeupe, na juu ya plasta jina kwa kalamu ya bluu. Ukasha. Maryamu. Clinton. Loveness. Kimoja kikatetemeka, kikawaka taa, kikazima.

"Kijani wanakulipa kwa kichwa?" nikamuuliza.

"Mzee wangu, haya mambo ya udahili ni marefu kidogo, huwezi—"

"Sikuuliza urefu. Wanakulipa kwa kichwa au kwa kundi?"

Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, kuanzia kofia mpaka viatu. "Kwani mzee unafanya kazi gani?"

"Dalali. Ng'ombe."

Ningependa uuone uso wake ulivyobadilika. Alifunguka. Mabega yakashuka, akaketi juu ya meza, akanipa mkono kama ndugu aliyeniona baada ya miaka.

"Kumbe mwenzetu," akasema. "Si ungesema tangu mwanzo? Kwa kichwa, mzee. Ila mpaka mtoto athibitishe. Asipothibitisha, sina kitu. Sasa wakienda vyuo vya serikali mimi nakula nini? Serikali hailipi dalali. Wewe mwenyewe unajua, bila cha juu hakuna anayesimama juani."

Hajakosea hata neno. Hilo ndilo lililonitia kinyaa. Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, niliyowahi kumwambia mke wangu Mwanaidi usiku aliponiuliza kama wale wazee wa Kimasai wanajua. Niliyasikia yakitoka kwenye kinywa kilichokuwa kinatafuna bigijii, na yalinuka.

"Watoto si ng'ombe," nikasema.

"Si ng'ombe. Ndiyo maana hakuna anayechinjwa. Wote wanasoma." Akainamia katoni, akachakura, akatoa kitochi chenye plasta iliyoandikwa Hafsa M. Akakishika, hakunipa. "Morogoro alipata kweli. Udaktari wa mifugo. Mimi sina roho mbaya, mzee, nakupa. Kichwa kimoja si kitu, hasa cha mwenzangu. Ila tuelewane. Mle ndani kuna wazazi sitini. Usiniharibie mnada."

Sisi madalali tuna sheria yetu. Dalali haharibu mnada wa dalali. Ukimwona mwenzako anamwambia mzee nane huku mnunuzi kasema kumi, unatazama pembeni, unasafisha koo. Kesho na wewe utatazamwa pembeni. Miaka ishirini na minane nimeishi kwa sheria hiyo, na ndiyo iliyomlipia Hafsa ada.

"Sikuja kukuharibia," nikasema.

Nilijisikia nikilisema. Lilitoka jepesi, halikukwama popote.

Akapiga kiganja changu, pa, kama tunavyofanya bei ikikubalika. Akanipa simu. Akanitajia na neno la siri la kufungulia akaunti. Lilikuwa jina la kampuni yake na moja mbili tatu, moja kwa watoto wote. Kisha akatangulia ukumbini, anapiga mluzi.

Hafsa alikuwa kasimama nje ya mlango. Sikujua amesikia mpaka wapi. Nikampa kitochi, tukaenda kwenye kivuli cha tangi la maji. Akafungua ujumbe. Ulikuwa umekaa humo siku sita. Akatoa simu yake mwenyewe, akaingia kwenye akaunti ya chuo cha Morogoro, akaandika ile namba ya siri tarakimu kwa tarakimu, akirudia kila moja kwa midomo. Mtandao ukazunguka. Ukazunguka tena. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa ndizi kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika mtungi.

"Imekubali," akasema.

"Soma."

"Udahili wako umethibitishwa. Shahada ya udaktari wa mifugo."

"Alhamdulillahi."

Hakuitikia. Alikuwa bado anabonyeza. "Nabadilisha neno la siri na namba ya simu. Asije akaingia akafuta." Akamaliza, akaweka simu mfukoni, kisha akanigeukia. "Baba, umempa nini?"

"Sijampa kitu."

"Mtu kama yule hatoi bure. Umempa nini?"

"Nimemwambia sitamharibia."

"Yaani utanyamaza."

"Hafsa, wewe umepata. Wale wengine wana wazazi wao, tena waliosoma kuliko mimi. Kila mtu ashike kamba ya ng'ombe wake."

"Loveness alijaza ualimu wa hisabati, Dodoma. Namba yake ipo kwenye ile orodha. Nimeiona mimi."

"Tulishapigana mkono, mwanangu."

Akanitazama. Ana macho ya mama yangu, na mama yangu alikuwa hapendi madalali. "Wewe ndiye uliyepigana naye mkono," akasema. "Mimi sikupiga."

Akaondoka. Nilidhani anakwenda kumnong'oneza Loveness, na nikajiambia, sawa, mmoja hawezi kuharibu mnada. Hakwenda kwa Loveness. Aliingia chumba cha mtaala na kutoka na ile katoni kaikumbatia kifuani, mzigo umemfika kidevuni, akapita mlango mkubwa wa ukumbi na kunyoosha katikati ya viti mpaka meza ya mbele. Mimi nikafika mlangoni, nikaishia hapo.

Benedicto alikuwa ameshaanza tena. Alikuwa anaeleza kuwa jioni hiyo yeye na vijana wake wangewathibitishia watoto wote kwa pamoja, wazazi waende nyumbani wakapumzike. Hafsa akaweka katoni mbele ya Mwalimu Erasto, akachukua kitochi cha juu, akasoma plasta. Alisoma kama mtu anayeita mahudhurio, hata sauti hakupandisha.

"Ukasha, simu yako hii, namba yako ya siri imo. Ndiyo inayochagua chuo. Unaingiza mwenyewe unapotaka, kabla ya saa sita usiku. Maryamu. Clinton. Neno la siri la wote ni jina la kampuni na moja mbili tatu. Ukiingia, libadilishe. Loveness."

Zilisikika chupa za soda zikitoa gesi.

Mwalimu Erasto akasema, "Binti, kaa chini, hivyo si vifaa vyako," lakini alisema akiwa anaitazama meza. Benedicto hakumtazama Hafsa kabisa. Alinitazama mimi, kule mlangoni, kipaza sauti bado kiko mdomoni.

"Mzee wangu," akasema, na spika mbili zikanirushia maneno yake. "Si tulipatana?"

Vichwa sitini vikageuka. Mama Loveness alikuwa amekwisha kusimama, kitochi cha binti yake mkononi.

"Mlipatana nini, Baba Hafsa?"

Ningeweza kusema simjui. Mnadani ningesema simjui, na ningeapa.

"Hafsa apate namba yake," nikasema, "na mimi ninyamaze."

"Kuhusu hawa?"

"Kuhusu hawa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, mara mbili, kama mtu aliyeonyeshwa mzani na kukubali kilo. "Kwa hiyo na wewe umelipwa," akasema. Alimgeukia Loveness. "Fungua hiyo kitu. Haya, Dodoma iko wapi humu?"

Baada ya hapo ilikuwa vurugu. Watoto waligombania katoni. Mchungaji mmoja alimshika Benedicto ukosi wa suti akimuuliza kwa sauti ya ibada kama anamwogopa Mungu. Wazazi wengine, na hili nalisema kwa sababu nililiona, walikasirika na Hafsa. Baba mmoja mwenye kaunda suti alisema mtoto mwenyewe hajui kuchagua, mshauri amechagua, sasa mnataka nini zaidi? Akamnyang'anya binti yake kitochi na kukirudisha kwenye katoni kwa adabu, kama anayerudisha kikombe cha msikitini. Wapo sita au saba waliofanya hivyo. Mwalimu Erasto alitoka kwa mlango wa pembeni kwenda kupokea simu ambayo sikuisikia ikiita.

Mimi sikumsaidia mtu. Sikuwa na la kusaidia, kompyuta sijui, na kila niliyemsogelea alisogea. Nilikaa kwenye tofali karibu na tangi. Saa tisa Loveness alipiga kelele moja fupi ukumbini, kisha nikawasikia yeye na Hafsa wakicheka na kulia kwa pamoja, nikajua Dodoma imekubali.

Benedicto alipita mbele yangu akielekea kwenye gari. Suti ilikuwa imekatika vifungo viwili. Alisimama.

"Wewe si dalali," akaniambia. "Dalali gani anashindwa kumfunga mtoto wake mdomo?"

Nikamwambia aende. Lile tusi lake, ukiliangalia vizuri, lilikuwa ndilo jambo pekee jema nililoambiwa siku ile. Hata nalo sikustahili.

Saa kumi na moja tulikuwa stendi ya Korogwe tunasubiri basi la Handeni lijaze. Nimekaa kiti cha dirishani, Hafsa kando yangu, mfuko wa ndizi mapajani mwangu. Nilikuwa najitayarisha kumwambia kitu, jinsi ada ilivyopatikana, kwamba hicho cha juu ndicho kilichomfikisha mahali pa kuweza kunidharau. Nilikuwa nayapanga maneno nikaona mtu anakuja moja kwa moja kwenye dirisha letu.

Alikuwa Mama Loveness, kanga kiunoni, jasho usoni. Gari la Bungu lilikuwa upande wa pili wa stendi, kwa hiyo alivuka makusudi.

"Baba Hafsa," akasema.

"Naam, Mama Loveness."

"Nipe ndizi zangu."

Nilidhani ni utani wetu wa kawaida. Nikaanza hata kucheka. Uso wake haukucheka. Nikaupitisha mfuko dirishani. Akaufungua pale pale, akachomoa ndizi moja, ile iliyoiva zaidi, akaipitisha mbele ya pua yangu mpaka kwa Hafsa.

"Hii ni ya mtoto."

"Ahsante, mama," Hafsa akasema.

"Ukawe daktari kweli. Ukija kwetu utatutibia na ng'ombe."

Akaenda zake, mfuko unaning'inia, hakugeuka. Basi likawashwa. Tulipolipita daraja la mto, Hafsa akaimenya ile ndizi. Tangu anajua kusema, mtoto yule hajawahi kuweka kitu mdomoni mbele yangu bila kusema karibu, baba. Hata karanga moja. Alikula akitazama mbele, polepole, mpaka ikaisha, akakunja ganda ndani ya kiganja na kulishika hivyo hivyo hadi Handeni. Hakunikaribisha.